Mama Fungua na Makontena Kumi na Moja ya Chokaa

Ndugu, jamaa, majirani, na nyote mliofika kumsindikiza dada yetu, familia inaomba walio nyuma wasogee mbele kidogo, nafasi ipo, kwa maana marehemu hakupenda kusomewa kitu nusunusu, na historia hii aliipitia mwenyewe kwa kalamu nyekundu mara mbili kabla hajatuacha, akafuta sifa tatu alizosema ni za uongo, akaongeza kosa moja alilosema ni la kweli, akaagiza lisirukwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha pili cha nyumba za wafanyakazi wa reli, mkabala na ghala la mizigo, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa baba aliyekuwa mpima mizigo na mama aliyekuwa fundi cherehani. Kila Jumamosi alimpelekea baba chakula kazini, na kabla ya kurudi nyumbani alipandishwa kwenye mizani kubwa ya magunia, baba akasoma uzito na kuuandika kwenye daftari lake la mfukoni, naye kwa kuwa alikuwa mwembamba kama ufito na alitaniwa shuleni, alimbembeleza, "Baba, andika thelathini tu, nani atajua?" baba akamjibu bila kuinua macho, "Kula kwanza, uandikwe baadaye," na ishirini na sita ikabaki ishirini na sita.

Alianza masomo katika shule ya msingi ya reli mwezi Januari 1959, akamaliza mwaka 1966, akajiunga na sekondari ya wasichana kuanzia 1967 hadi 1970, ambako alikuwa wa kwanza katika hesabu na mwandiko, na wa mwisho kabisa katika kuimba, hata mwalimu wa kwaya alimwomba siku ya wazazi afungue mdomo tu pasipo kutoa sauti. Kuanzia Januari 1971 hadi Novemba 1972 alisomea ukarani wa meli katika chuo cha biashara, akafaulu vizuri, na tarehe 2 Januari 1973 akaajiriwa na wakala mmoja wa meli, katika ofisi ya ghorofa ya pili yenye madirisha mawili yanayotazama gati, meza sita na feni moja iliyozunguka pale ilipojisikia.

Hapa ndipo lilipo lile kosa. Ili waliokuja kwa ajili ya udugu tu wasiachwe njiani, nauli ya mzigo wa meli hupangwa kwa kutazama mzigo wenyewe ni kitu gani, chuma chakavu kina nauli yake, vitambaa vina yake, na vitu vya hatari vinavyoweza kuwaka au kulipuka vina nauli kubwa zaidi na mahali pake maalumu melini, kwa hiyo anayeandika jina la uongo kwenye hati ya shehena hulipa kidogo, na mwenzake anayeandika jina la kweli hubaki akijiona mjinga. Marehemu kwa miaka sita aliandika majina hayo ya uongo. Bosi wake alikuja akasimama nyuma ya kiti chake, akasema, "Hapo weka pamba," naye akaweka pamba, akasema, "Hapo weka karatasi," naye akaweka karatasi, na jioni alirudi nyumbani akiwa na maumivu ya kichwa aliyodhani yanatokana na mashine ya chapa.

Jumatatu ya tarehe 9 Oktoba 1978, saa nne asubuhi, mlango wa ofisi ile ulifunguliwa kwa kishindo, akaingia mwendesha kreni akiwa na ovaroli yenye grisi, jasho linamtiririka, ameshika karatasi mkononi, akauliza ofisi nzima, "Ni nani aliyeandika kwamba lile kontena ni pamba?" Makarani wote wakakumbuka kazi za kuinamia. Yeye akasimama, akasema, "Mimi." Yule bwana akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akasema kwa upole ambao haukutarajiwa, "Dada, pamba yako ni nzito kama chuma, imekaribia kukata waya wa winchi, na chini yake walikuwa wamesimama watu wanne. Siku nyingine ukitaka kutuua, tutumie hata salamu kwanza." Akaweka karatasi mezani, akateremka ngazi akarudi kazini.

Marehemu hakula siku ile wala iliyofuata. Tarehe 30 Novemba mwaka huohuo aliacha kazi, jambo lililomfanya mama yetu aulize kama amerogwa, na tarehe 5 Februari 1979 akaanza upya serikalini, katika idara ya ukaguzi wa usafirishaji wa baharini, kama mkaguzi msaidizi, kwa mshahara mdogo kuliko aliouacha. Yule mwendesha kreni alipomwona getini amevaa kofia ya ukaguzi alicheka mpaka akaegemea ukuta, lakini kicheko kilizaa salamu, salamu zikazaa mazoea, na Jumamosi ya tarehe 8 Desemba 1979 wakafunga ndoa, wakaishi pamoja miaka arobaini na mitano, na shemeji yetu yuko hapa mbele, na kila akiulizwa alimpendea nini mke wake hujibu kwamba katika watu sita waliokuwa ofisini siku ile ni mmoja tu aliyesimama. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza binti, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1981, ambaye ni muuguzi, wa pili wa kiume, aliyezaliwa tarehe 22 Aprili 1984, ambaye ni mwalimu, na kitinda mimba wa kike, aliyezaliwa tarehe 19 Septemba 1988, ambaye ni fundi umeme, na hao wamempa marehemu wajukuu sita.

Jina la Mama Fungua alilipata kwenye uwanja wa makontena. Mawakala walikuwa na maneno matamu kuliko halua, wakimweleza kwamba mzigo umeshakaguliwa, kwamba mwenye mzigo ni mtu wa heshima, kwamba mvua inanyesha, kwamba ufunguo umepotea, naye aliwasikiliza wote kwa subira, akitikisa kichwa kama anayekubali, akafika mwisho akasema neno moja tu, "Fungua," na wapakiaji wakaanza kumwita hivyo kwa mzaha, hadi jina likahamia kwenye barua za ofisi.

Mwezi Mei 1989 alifika ofisini kwake mwanamke mwenye kiwanda kidogo cha sabuni, chenye wafanyakazi watano, akakaa kwenye benchi tangu asubuhi, na alipoitwa akasema, "Mama, mimi nasafirisha sabuni, naandika sabuni, nalipa nauli ya sabuni. Jirani yangu anasafirisha sabuni, anaandika mabaki ya mafuta, analipa nusu yangu, na huko sokoni anauza rahisi kuliko mimi. Niambie tu, nijifunze kusema uongo au nifunge kiwanda?" Marehemu alimwomba asifanye lolote kati ya hayo mawili, ampe muda. Jirani aliyetajwa alikuwa mfanyabiashara mkubwa ambaye mjini wote walimwita Bwana Nafuu, mwenye maghala manne, mawakili watatu na marafiki wasiohesabika, na dada yetu alipoanza kuulizia makaratasi yake, mkurugenzi wa wakati ule alimwita akamsifu sana kwa bidii yake, na wiki iliyofuata, tarehe 4 Februari 1991, akamhamishia kwenye ghala la mafaili ya zamani, chumba cha chini kisicho na dirisha, ili apumzike.

Ndugu waombolezaji, kumpeleka marehemu kwenye ghala la mafaili kulikuwa sawa na kumfungia fisi buchani. Kwa miaka mitatu alisoma kila kilichokuwa mle, na humo akagundua jambo ambalo halikuwa limemjia mtu yeyote akilini, kwamba mwenye mzigo huandika karatasi mbili, moja ya kumpa mwenye meli na nyingine ya kumpa mwenye bima, na kwamba mtu anaweza kumdanganya mwenye meli ili alipe kidogo, lakini hathubutu kumdanganya mwenye bima, kwa sababu mzigo ukizama atalipwa kile alichokiandika. Nakala za bima zilikuwa zikitumwa idarani kwa mujibu wa sheria na kutupwa chini bila kusomwa. Akakaa nazo, akilinganisha moja baada ya nyingine, akazipata safari mia mbili na kumi na mbili ambazo Bwana Nafuu alimwambia mwenye meli hili na mwenye bima lile. Shemeji alipomuuliza kwa nini siku hizi anarudi kutoka kifungoni akipiga mluzi, alimjibu, "Acha tu. Wamenipa chumba chenye hazina, halafu wananionea huruma."

Mkurugenzi mwingine alipoingia, mwaka 1994, marehemu alirudishwa uwanjani akiwa mkaguzi mkuu, na hapo ikafika Alhamisi ya tarehe 17 Agosti 1995, siku ambayo wengi wenu mliokuwa bandarini hamtaisahau. Asubuhi hiyo palikuwa na makontena kumi na moja ya Bwana Nafuu yakisubiri kupakiwa, yameandikwa chokaa ya kupaka kuta, yaende tumboni mwa meli, karibu na matangi ya mafuta yanayopashwa moto, na meli ilikuwa ing'oe nanga saa kumi jioni ikiwa na mabaharia ishirini na wanne. Karatasi zilikuwa safi, mihuri yote ipo. Ila pembeni mwa fomu ya kuomba nafasi, mtu mmoja mwenye roho ya huruma au ya woga alikuwa ameandika kwa penseli maneno matatu, "Yasikae juani kabisa." Marehemu akayasoma, akayarudia, akamgeukia wakala aliyesimama naye, akauliza, "Chokaa gani hii inayoogopa jua?"

Wakala akacheka, akasema ni tahadhari tu ya mteja, akasema meli haisubiri, akasema kila saa ya kuchelewa ina gharama yake, na marehemu alipokwisha kumsikiliza akasema neno lake. Wakala akakimbilia simu, na muda si muda marehemu akaitwa kwenye kibanda cha getini, akaambiwa kuna mkubwa mmoja kutoka wizarani anataka kuzungumza naye, na mkubwa yule akamwamuru aachie mzigo. "Mheshimiwa," marehemu akasema, "simu hii inakwaruza sana, sikusikii vizuri, naomba uniandikie," akairudisha mahali pake taratibu, akatoka nje. Waliokuwa kibandani wanasema simu ile ilikuwa haikwaruzi hata kidogo, na wanasema pia kwamba alijua anachokiweka rehani, kwa maana alikuwa na watoto watatu shuleni.

Wakala alipoona hivyo alimpigia mwendesha kreni kelele kutoka chini, akimwamuru ainue kontena la kwanza mara moja, na mwendesha kreni huyo, kama mnavyojua, alikuwa ni shemeji yetu, ambaye alitoa kichwa dirishani huko juu akajibu kwa sauti iliyosikika hadi gati la pili, "Mwenye amri ya mzigo yuko hapo chini, na mimi nyumbani nalala kwake!" Uwanja mzima ukaangua kicheko, na katika kicheko kile sili, kile kifungo chenye muhuri mlangoni mwa kontena la kwanza, ikakatwa.

Kicheko kilikoma mlango ulipofunguka. Harufu kali iliwachoma macho, wakarudi nyuma wakikohoa, maana ndani hapakuwa na chokaa, palikuwa na madumu ya klorini ya unga, ile ya kusafishia maji, ambayo ikikaa mahali penye joto hujichemsha yenyewe mpaka iwake bila kiberiti, na dumu moja la chini kabisa lilikuwa tayari limevimba na kutoa moshi mwembamba. Marehemu akaita zimamoto, akaamuru uwanja uhamwe, na yote kumi na moja yakapelekwa moja moja kwenye eneo la wazi nje ya uzio, huku akiyahesabu kwa sauti, na alikataa kuondoka hadi la mwisho lilipotoka. Saa kumi na moja na nusu jioni, muda ambao meli ingekuwa imeshatokomea baharini, lile la kwanza likalipuka moto mweupe uliowaka saa nne mfululizo, peke yake, kwenye mchanga, watu wakiutazama kwa mbali, na hakuna hata mmoja aliyeungua kidole. Nahodha wa meli, mtu mzima mwenye mvi, aliuangalia moto ule akaomba kiti, akakaa, kisha akanyanyuka akamsogelea marehemu na kumshika mikono yote miwili, na kwa kuwa hawakuwa na lugha moja, walilia kidogo kila mtu kwa lugha yake.

Kesi ilianza mbele ya baraza la usafirishaji tarehe 13 Januari 1997. Bwana Nafuu alikana, akasema ni kosa la karani aliyechanganya majina, na karani mwenyewe, binti wa miaka ishirini na miwili, alikuwa ameshafukuzwa kazi na ameletwa pale ili abebe mzigo wote. Marehemu alitoa karatasi za zile safari mia mbili na kumi na mbili, mbili mbili, ya meli na ya bima, na kwa siku tatu wakili wa upande wa pili hakupata pa kuzishika, hadi siku ya nne akasimama akiwa na tabasamu, akauliza, "Shahidi, ni kweli au si kweli kwamba wewe mwenyewe, kabla ya kuwa mtakatifu, uliandika hati za uongo kwa miaka sita?" Watoto wake walikuwa wamekaa nyuma, na hawakuwa wamewahi kulisikia jambo hilo.

Marehemu alivua miwani, akasema, "Ni kweli. Niliandika nyingi, na nyingine nazikumbuka mpaka leo. Lakini hakuna hata moja niliyoibuni mwenyewe. Kila mara kulikuwa na mtu amesimama nyuma ya kiti changu. Nilipoondoka kazini nilisema siku moja nitarudi kumwangalia usoni huyo anayesimama nyuma ya kiti." Akageuka, akamwangalia Bwana Nafuu, akamwangalia na wakala wa meli aliyekaa kando yake, akamalizia, "Binti huyu mwacheni aende nyumbani. Mnaowatafuta ni hawa wawili." Wakili alikaa chini.

Hukumu ilisomwa Ijumaa ya tarehe 6 Machi 1998, Bwana Nafuu akafungiwa kusafirisha mzigo wowote kwa miaka mitano na kutozwa faini, na wakala wa meli naye, kwa mara ya kwanza katika historia ya baraza lile, akaadhibiwa kwa kupokea jina la uongo huku akijua, na karani akarudishiwa heshima yake, na leo ndiye mkaguzi mkuu wa idara, amekaa safu ya pili hapo, mwenye kilemba cheupe. Mwaka uliofuata ikatungwa kanuni kwamba karatasi ya meli na ya bima zilinganishwe kabla mzigo wowote haujapakiwa, na kanuni hiyo inatumika hadi asubuhi ya leo. Mwenye kiwanda cha sabuni hakujifunza uongo na hakufunga, ana wafanyakazi sitini na wanane, na wote amewaleta hapa.

Marehemu alistaafu tarehe 31 Machi 2011, akafuga kuku, akagombana nao, akawagawa. Mwaka 2016 alipokea barua kutoka kwa mtu aliyekuwa mpishi wa meli ile, aliyemtafuta kwa miaka mingi, ikiwa na picha ya familia yake, watoto watano na wajukuu tisa waliopangwa ngazini, na nyuma ya picha ameandikiwa kwamba watoto watatu kati ya hao walizaliwa baada ya Agosti 1995. Aliitundika juu ya meza ya chakula, na mgeni akiuliza hao ni kina nani, alijibu kwamba ni ndugu zake wa upande wa baharini.

Alianza kuugua moyo mwezi Juni 2022, akatibiwa katika hospitali kuu, akalazwa mara nne, na hakuacha kusoma cheti chake cha matibabu kila asubuhi, hata akamrudisha daktari mmoja akarekebishe umri uliopunguzwa miaka miwili, akimwambia kwamba amefanya kazi kuipata. Tarehe 2 Novemba mwaka huu hali ilibadilika, akarudishwa hospitali, akawaona watoto, wajukuu na sisi nduguze, mmoja mmoja, na Jumanne ya tarehe 11 Novemba 2025, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na mumewe, akavuta pumzi yake ya mwisho bila uchungu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo kwa uvumilivu wao, maana hakuwa mgonjwa rahisi, inawashukuru majirani waliopika, waliofua na waliolala nasi, inawashukuru wafanyakazi wa idara, wapakiaji, zimamoto na waendesha kreni waliokuja moja kwa moja kutoka zamu wakiwa bado na viatu vya kazi, msione haya kwa viatu hivyo, hakuna vazi lingine ambalo angefurahi zaidi kuliona hapa leo.

Dada yetu, mke, mama na bibi, mabaharia ishirini na wanne walifika kwao, na wengine wengi wasiojua jina lako wanafika kwao kila siku, umeshinda, na umeshinda ukiwa hai ukaona. Pumzika sasa, mama, pumzika kwa amani.